Aliyekataa Kuosha kwa Amri

Ukitaka kujua alizaliwa mwaka gani na babu yake alikuwa nani, waulize watu wa Uvira. Watakueleza mpaka chai ipoe. Mimi nilimkuta ameshakuwa mzee, amefunga aproni yenye maua, mikono imezama hadi viwikoni ndani ya sufuria la ugali, jikoni mwa ukumbi wa parokia kule Ixelles, mjini Brussels, nyuma ya Matonge, mtaa wa Wakongo. Nilidhani ni mpishi. Nikamsalimu kwa Kiswahili changu cha Kigoma, "Shikamoo mzee, chai imebaki?" Alinitazama juu ya miwani, kisha akamgeukia mke wangu.

"Bwana yako anasema kama radio," akamwambia. "Mupe chai, mbele ya kuanza habari."

Tulipokuwa tunarudi nyumbani ndipo mke wangu aliponieleza nimemwomba nani chai. Préfet, kwa Wakongo, ni mkuu wa shule ya sekondari, na huyu aliongoza shule miaka na miaka kabla vita havijamleta Ubelgiji. Hapa hakuwa mkuu wa kitu chochote, lakini cheo kilikuwa kimemganda. Wote walimwita Papa Préfet, hata padri wa parokia, hata dereva wa basi la Auderghem ambaye ni Mturuki. Jina lake halisi nililiona mara moja tu, kwenye kengele ya mlango wake, na mvua ilikuwa imelifuta nusu.

Nieleze kwanza chama, maana bila chama mzee huyu angekuwa mstaafu tu mwenye mwavuli. Wenyewe wanakiita mutuelle. Sisi tungesema chama cha kufa na kuzikana: ukifiwa tunakuja kukaa matanga nawe, ukifa wewe tunakurudisha kwenu ukalale na wako. Mimi niliingia kwa mlango wa ndoa, kwa kuwa mke wangu ni mtu wa Uvira, na sijawahi kuona watu wanaopenda katiba kama hawa. Kwetu chama kina mwenyekiti na kelele. Wao wana vifungu. Watu wawili wakigombea kiti, mmoja anasimama na kutaja kifungu.

Kifungu kilicholeta maneno yote haya kilisema kwamba hakuna mwanachama atakayelazimishwa kufanya kazi, isipokuwa kama ni adhabu. Adhabu yenyewe ilikuwa moja, kuosha sufuria. Makosa yaliandikwa mengi, lakini lililoadhibiwa kweli lilikuwa moja pia, nalo ni kuchelewa.

Sasa utaratibu. Chama hukutana Jumapili, na enzi hizo tulikuwa tunakula kwanza na kufanya kikao baadaye, kwa sababu wazee walisema mwenye njaa hupinga kila kitu. Kwa hiyo kikao kilipoanza sufuria zilikuwa zimeshachafuka, na waliochelewa walipelekwa jikoni kuziosha huku wenzao wakijadili. Na ni nani anayechelewa Jumapili mjini Brussels? Ni sisi tunaofanya kazi Jumapili. Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee kule Auderghem. Mpaka nimalize zamu, nipande metro, nishuke Porte de Namur na kukimbia, watu walikuwa wanafuta midomo. Alikuwepo dada mmoja anayesafisha ofisi Etterbeek, na wengine wa teksi na wa hospitali. Ukumbini walibaki wastaafu, wenye kazi za mezani na wanaoishi jirani.

"Juma muzima naosha kwa Bazungu," yule dada wa Etterbeek alikuwa akisema kila Jumapili, "dimanche naosha kwa bandugu. Siku ya kufa njo nitapumuzika, na siku ile bataniosha miye."

Asiyewahi kuosha sufuria la ugali wa watu wengi asicheke. Bugali, kama wanavyouita wao, ukishagandia chini unakuwa simenti. Unakwangua mpaka bega linauma, na ukimulika ndani unaona ndiyo kwanza umeanza.

Papa Préfet hakuwahi kuchelewa. Alifika kabla ya mtu yeyote, akasimama mlangoni na kutazama saa yake kwa masikitiko. Lakini chakula kilipokwisha yeye ndiye alikuwa wa kwanza jikoni, kabla yetu sisi tuliohukumiwa, na chini ya kwapa alikuwa na bati la biskuti lililojaa majivu. Sabuni ya dukani aliidharau; alisema inasafisha mikono na kuacha sufuria. Majivu aliyapata kwa jirani yake, bibi mmoja wa Kibelgiji mwenye meko ya kuni, pale Auderghem msitu unapoanzia. Bibi huyo hakuwahi kuambiwa ni ya kazi gani. Akaamini ni mambo ya ibada, akawa anayachekecha na kuyakabidhi kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. Siku moja alimwuliza kwa sauti ya chini kama mababu wameridhika.

"Sana, Madame," Papa Préfet akamjibu. "Wanang'aa."

Alikuwa na tabia iliyotuchekesha. Hakuomba kitu bila kuongeza maneno mawili nyuma yake. "Nipe ule mufuniko. Unaweza kukatala." "Vuta mulango. Unaweza kukatala." Kukatala kwao ni kukataa. Watoto waliidaka wakawa wanaambiana hivyo wakigawana mikate. Mimi nikataka kumjaribu. Jumapili moja aliniomba nimbebee bati lake mpaka kituo cha basi, unaweza kukatala, nikamjibu, "Basi nakataa, Papa." Uso wake ukachangamka. Alinipa mkono, akanishukuru, akalichukua bati lake na kwenda nalo kwenye mvua huku akipiga mluzi. Mke wangu hakunisemesha hadi siku ya pili.

Usije ukadhani alikuwa mpole. Watu wazima hakuwaamuru, lakini Kifaransa alikiamuru popote alipokikuta. Komyuni, yaani manispaa, ilipomwandikia barua kuhusu takataka, aliisahihisha kwa kalamu nyekundu, akatia alama chini na kuirudisha. Walimjibu kumshukuru. Hiyo nayo akairudisha. Ndani ya basi, kijana akiweka miguu juu ya kiti, Papa Préfet alimhutubia kwa Kifaransa cha juu hata kijana akashusha miguu asijue amesifiwa au ametukanwa. Na alikuwa mbishi. Mvua ikinyesha alisema si mvua, ni ukungu mzito. Nilipomwambia kwamba Kiswahili cha Kigoma ndicho sanifu, alinipa pole kama mtu aliyefiwa.

Adui yake duniani lilikuwa lile neno "isipokuwa". Aliliita mkia.

"Angalia ile sharia yetu," alikuwa akituambia tukiwa tumeinamia sufuria. "Kichwa yake ni malaika. Hakuna muntu wa kulazimishwa. Bon, unafurahi, unapiga mikono. Kumbe nyuma iko na mukia: sauf punition. Na bantu yote banapitishwa pale ku mukia."

Siku moja alikuja na furaha ya mtu aliyepata mjukuu. Redio ilikuwa imesema kwamba jimbo moja la Marekani linapiga kura kuukata mkia huohuo katika katiba yake, ili mfungwa asilazimishwe kazi kwa jina la adhabu. "Hata kule," akasema, "bakubwa vile, na mukia banayo." Kwa majuma mengi alizungumzia jimbo hilo kama kwa binamu zake. Dada wa Etterbeek alipomwuliza kura iliishaje, alisema hajui. Alikuwa amezima redio kwa sababu mtangazaji alikosea Kifaransa.

Jambo moja hakulitania, nalo ni nyumba yake. Wazee wa chama wakikutana hutoleana simu mifukoni, kila mmoja na picha za nyumba aliyoijenga kwao: hili bati jipya, huu ukuta, huyu ni mlinzi. Papa Préfet akiulizwa ya kwake alisema, "Nyumba iko," akarudi kwenye majivu yake. Nyumba ilikuwa Uvira, mlimani, na makaburi alimozikwa mkewe hayako mbali nayo. Kitu pekee alichokitaka kwa chama ni kwamba siku yake ikifika apelekwe akalale ubavuni mwa mkewe. Hili alilisema waziwazi, hata watu wakiwa wanakula.

Sasa Maman Présidente, mwenyekiti wetu. Ni mama wa ofisi ya bima, mwenye sauti ya kengele, aliyekuwa mwanafunzi wa Papa Préfet huko Uvira. Kile kifungu cha adhabu alikiandika yeye, tena kwa fahari. Alikuwa akitusimulia vikaoni kwamba katika shule ya Papa Préfet aliyechelewa hakuchapwa. Alibebeshwa matofali. Na yeye alichelewa sana, kwa sababu asubuhi alimchotea mama yake maji kwanza.

"Ile matofali njo ilinifanya muntu," alikuwa akisema, mkono kifuani. "Papa Préfet alitujenga. Leo niko wapi? Niko Bruxelles."

Watu walipiga makofi. Papa Préfet wakati huo, jikoni pamoja nasi, alikuwa anatafuta kitu sakafuni, na sijui kama alikipata.

Mara ya kwanza alipoleta hoja ya kuukata mkia, mimi sikumwona akisimama. Nilikuwa jikoni, naye kwa siku hiyo alikuwa ametuachia sufuria. Kati ya jiko na ukumbi kuna kidirisha cha kupitishia sahani, na sisi tuliohukumiwa tulisongamana pale, tunachuruzika maji. Alisema mwanachama akikosa, aambiwe, anyimwe kiti cha mbele, asomwe jina, lakini asilazimishwe kazi. Alisema kwa ufupi, jambo ambalo si kawaida yake.

"Bon," Maman Présidente akasema. "Nani iko pour?"

Ukumbini uliinuka mkono mmoja, wa Papa Préfet. Jikoni tuliinua yote, pamoja na madodoki ya kusugulia, na tukaita "Oui!", yaani ndiyo, kwa sauti moja.

"Cuisine haipigake kura," akasema Maman Présidente, wala si kwa ubaya. "Kura ni ya salle, ya ukumbi. Iko mu sharia."

Ndivyo ilivyokuwa. Wote waliotaka adhabu ifutwe walikuwa wanaitumikia adhabu, na kwa sababu walikuwa wanaitumikia, haikufutwa. Mke wangu alikuwa ukumbini kwenye kiti cha mbele, na mkono wake ulikaa mapajani. Nilipomwuliza usiku ule, alisema, "Nyumbani hauoshake. Kule utajifunza."

Papa Préfet alirudi jikoni, akafunga aproni yake na kuanza kusugua.

Kikao kilichofuata nilikuwa natoka metro mbio kama kawaida nilipomwona. Alikuwa amesimama chini ya turubai la saluni ya nywele mkabala na ukumbi, mwavuli mkononi, anakula gofri, mkate mtamu wa Kibelgiji, kwa raha zake. Watu walikuwa ndani zamani. Nikadhani ameugua.

"Papa, kuna nini? Tumechelewa."

"Wewe unachelewa juu ya kazi," akasema, akifuta sukari kwenye ndevu. "Miye nachelewa kwa kusudi. Ingia, nitakuya nyuma. Unaweza kukatala."

Niliingia. Alikuja chakula kilipokuwa kinaisha. Mzee mmoja alipanda juu ya kiti kurekebisha saa ya ukutani, kwa kuwa lililo rahisi kuamini ni kwamba saa imeharibika. Papa Préfet akasimama katikati na kusema kwamba amechelewa, hana udhuru, na anaomba sheria ifuate mkondo.

Maman Présidente alicheka. "Alors, sanction, Papa. Lakini wewe unaoshaka kila mara, donc hakuna shida."

"Sioshe," akasema Papa Préfet, akavuta kiti na kukaa.

"Papa?"

"Sufuria yenu nimeosha hii miaka yote. Nani alinituma? Hakuna. Leo mumenihukumu kuosha. Sioshe hata kijiko."

Mama wa watu alijaribu kulichukulia kama mzaha, lakini ile kengele ya sauti yake ilishaanza kutetemeka. "La loi c'est la loi, sharia ni sharia, Papa. Muntu akikatala sanction, anatoka mu mutuelle."

"Najua. Nilisoma."

"Na akitoka…" Hakumaliza, na hakukuwa na haja. Kila mtu mle ndani alijua anayetoka chamani anazikwa hapahapa, kwenye makaburi ya komyuni, kati ya majirani waliokufa kabla hajawasahihisha. Mkewe angebaki peke yake kule mlimani.

"Juu ya nini unanifanyia hivi?" Maman Présidente akauliza, na sasa haikuwa sauti ya mwenyekiti. "Ni wewe ulitufundisha. Ile matofali njo ilinifanya muntu."

"Hapana, mutoto yangu," akasema Papa Préfet. "Muntu ulikuwa tayari. Ile matofali ilinifanyia miye nyumba."

Hapo ndipo nilipojua kwa nini alikuwa hatoi picha. Matofali ya waliochelewa hayakwenda shuleni. Yalipanda mlima mpaka kwenye kiwanja ambapo préfet alikuwa anajenga kwake. Watu wa Uvira walilijua hilo, na kwa heshima ya elimu hawakulisema. Maman Présidente alilijua kuliko wote, kwa sababu aliyabeba mpaka mlangoni. Alikaa taratibu, akapanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimeshapangika, akasema jambo hili litaamuliwa kikao kijacho. Siku hiyo tuliosha sufuria bila yeye.

Sitaficha, niliogopa. Nilikuwa nimempenda yule mzee na ubishi wake, na kazini kila juma nawaona wazee wasio na mtu wa kuwarudisha popote. Nikaenda kwake Auderghem na mkungu wa ndizi. Nikamwambia, "Papa, osha kijiko kimoja tu. Kimoja, yaishe."

"Unaniamuru?"

"Nakuomba."

"Basi nakatala," akasema, akanipa mkono, na akala ndizi zangu mbele yangu. Ndipo akaniambia kwamba aliamua siku ile kura iliposhindwa. Alipokuwa anatusikiliza sisi wa jikoni tukiita "Oui," alisema, alisikia darasa zima likibeba matofali.

Kikao kijacho nilifika na roho mkononi, nimechelewa, nikijua sahani zitakuwa zimeshajaa. Sivyo. Watu walikuwa wamekaa mikono mitupu, wamenuna. Harufu ya sombe, yaani kisamvu, na samaki ilijaa ukumbini, sufuria zimefunikwa, na mbele ya mlango wa jiko alisimama Maman Présidente mwenyewe na ufunguo.

"Leo tunaanza na réunion," akasema. "Chakula nyuma. Na tunangoja bale ba kazi bafike bote."

Wazee walitaja vifungu. Walitafuta kifungu kinachosema chakula kitangulie, hakikuwepo; ilikuwa desturi tu. Walitungoja mmoja mmoja, nasi tuliingia tunahema, na kwa mara ya kwanza tangu nijiunge nilikaa kwenye kiti cha ukumbi huo wakati wa kikao. Ni viti vigumu sana. Jikoni hakukuwa na mtu kwa sababu hakukuwa na sufuria chafu, na hakukuwa na sufuria chafu kwa sababu hakuna aliyekula.

"Nani iko pour kukata ile mukia?" akauliza.

Ile hekima kwamba mwenye njaa hupinga kila kitu ilikuwa uongo mtupu. Mwenye njaa hukubali kila kitu. Sisi wa jikoni tuliinua mikono, na samaki alipozidi kunukia, wazee walioapa kupinga wakaanza kuinua ya kwao. Mzee wa saa ya ukutani aliinua miwili. Mkono wa mke wangu ulifika usawa wa bega, ukasita, kisha ukapanda.

"Voilà," Maman Présidente akasema. "Mukia imekufa. Na sanction ya Papa imekufa nayo."

Tulimgeukia Papa Préfet, tukitazamia hotuba. Alikuwa anafuta miwani kwa tai yake, kwanza kioo kimoja, kisha cha pili, kisha tena cha kwanza. "Tule," akasema.

Tulikula. Na tulipomaliza, sufuria zilikuwa pale, na hakuna aliyehukumiwa. Sijawahi kuona watu wakikumbuka makoti yao haraka namna ile. Yeye mwenyewe alikaa kitini na mwavuli wake, hakugusa, alitaka tuone uhuru unavyonuka. Ukumbi ulitakiwa urudishwe mtupu, kwa hiyo sufuria ziliondoka chafu ndani ya buti la gari langu, ambalo mke wangu hutangulia nalo Jumapili, na gari likanuka samaki mpaka abiria wangu wa pekee, yaani mke wangu, akaanza kupanda basi. Chama kikajaribu sahani za karatasi. Lakini bugali haupikwi kwenye karatasi.

Mambo yalijipanga yenyewe, na si vile alivyotarajia mtu. Dada wa Etterbeek alisema sufuria moja ataosha, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Nikasimama kumsaidia. Akaja mzee wa saa ya ukutani, anadai anatafuta maji ya kunywa. Jikoni kuna joto, kuna ukoko wa kutafuna, na umbea wa jikoni ni mtamu kuliko ripoti ya mweka hazina. Sasa hivi kikao kinapokolea ukumbi unabaki nusu, na Maman Présidente anapiga kengele kuwaita watu warudi kupiga kura. Kuna aliyependekeza adhabu kwa wanaokimbilia jikoni. Papa Préfet alimtazama mpaka akakaa.

Mara ya mwisho kuwa naye jikoni ni mwaka huu, baada ya ubatizo, alasiri, mvua inanyesha, au ukungu mzito kama angesema yeye. Sasa anatembea na fimbo, na bati la majivu nalibeba mimi bila kuombwa. Tulibaki watatu. Maman Présidente alikuwa anasugua, Papa Préfet ameketi kwenye kigoda anafuta kwa taulo, mimi napanga.

"Nataka kukuomba kitu," akamwambia Maman Présidente. "Unaweza kukatala."

"Sema, Papa."

"Siku yangu ikifika, mutanipeleka. Ni desturi mwili ilale usiku moja mu nyumba mbele ya kwenda ku kaburi. Miye sipendi kulala mule. Bale balioijenga hakuna mwenye alisema oui. Munipitishe moja kwa moja ku makaburi, kwa bibi yangu."

Maman Présidente aliendelea kusugua. Nilisikia majivu yakikwaruza sufuria na mvua kwenye kioo, na nikatamani niwe ukumbini na ripoti ya mweka hazina.

"Ile nyumba, Papa," akasema mwishoni. "Nani aliijenga?"

"Ninyi."

"Donc ni ya nani?"

Papa Préfet alifikiri. Alikuwa mwalimu, swali aliliheshimu. "Ni yenu," akasema.

"Bon. Basi si wewe wa kusema nani ataingia, nani hataingia. Ni yangu, nilibeba matofali mpaka ku mulango. Na miye nakukaribisha. Utalala mule, Papa, na bale bengine nitabaita bote, tutakesha na wewe. Na batachelewa, nakuambia mapema."

Papa Préfet alicheka, kisha akawa hacheki. Aliondoa miwani na kulaumu mvuke, ingawa maji yalikuwa yamepoa zamani. Mimi nilifungua kabati na kulifunga tena. Kisha akavaa miwani, akalipokea sufuria la bugali kutoka kwa Maman Présidente na kuliinua kwenye taa.

"Hapa kungali chafu," akasema.

"Ni amri, Papa?"

"Hapana. Ni chafu tu."

Nilingoja aongeze maneno yake mawili. Hakuyaongeza, na Maman Présidente akachota majivu, akalichukua sufuria na kuanza upya.